Vidonge vya Majira kwa Mwanamke Mgonjwa: Hukumu Hufuata Jina au Hufuata Jambo?

Twapenda safari hii kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, nyuma ya pazia au kwa karatasi iliyokunjwa mara nne, na aghlabu muulizaji huwa si mwenyewe mwenye shida. Nalo ni hili: mwanamke ambaye hedhi zake zimeharibika kwa kutolingana homoni za mwili wake, kisha tabibu akamwambia atumie vidonge vya majira, je, yafaa kuvitumia? Na akiambiwa achague baina ya vidonge, sindano, kijiti na koili, achague kwa kipimo gani?

Hatuwezi kulieleza jambo hili bila ya kwanza kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokwisha darsa ya baada ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani akasema: "Sheikh, binti yangu hajaolewa, na daktari amemwandikia vidonge vya majira. Anywe?" Sisi tulipolisikia lile jina tu, hatukuuliza binti ana nini wala daktari amesema nini. Tulimjibu: "Mwanamwali asiye na mume, vidonge hivyo vya nini?" Mama akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, Sheikh," akaenda zake. Jawabu lile halikutuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Baadaye tukapata khabari kwamba yule binti alikuwa amekaa miezi mitano bila ya kuona hedhi, kisha damu ikamfungukia isikatike kwa wiki tatu, hata akalazwa hospitali na kutiwa damu ya watu wengine. Alipona, alhamdulillahi. Mama yake hakuja kutulaumu. Laiti angalikuja.

Sisi tuliosomeshwa vyuoni tulifundishwa kwamba kutoa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Tulilihifadhi neno hili tukiwa wadogo, na siku ile tulilisahau. Basi ilitubidi tukae na wanaojua, tuulize kama waulizavyo wanafunzi, na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Ndani ya mwili mna tezi zinazotoa homoni, na homoni ni kama matarishi wanaopita katika damu wakipeleka amri kutoka kiungo hata kiungo. Katika mwezi wa kawaida yai moja hupevuka katika ovari na kutoka. Likisha kutoka, mwili hutoa homoni iitwayo projesteroni, ambayo huutengeneza utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ili upokee mimba. Na mimba isipotunga, projesteroni hushuka, utando ule ukabomoka ukatoka, na hiyo ndiyo hedhi. Ama mwenye maradhi ambayo madaktari huyaita kwa herufi P.C.O.S., yai halitoki kwa wakati wake. Ovari zake hutoa kwa wingi zile homoni ambazo ni nyingi zaidi kwa wanaume, na mara nyingi insulini, ile inayoiongoza sukari ya mwili, nayo haifanyi kazi yake sawasawa. Hapo hedhi huchelewa miezi, nywele zikaota kidevuni, chunusi zikajaa usoni, uzito ukaongezeka, na aliyeolewa akakawia kushika mimba. Shirika la Afya Duniani lasema maradhi haya huwapata wanawake 10 hata 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao, hata kufikia 70 katika kila 100 walio nayo, hawajui kuwa wanayo. Basi msomaji na ahesabu wanawake wa jamaa zake, dada, binti, wakeze ndugu zake, aone kama jambo hili liko mbali na nyumba yake.

Na kutoona hedhi si raha, kama wadhanivyo baadhi ya watu. Ule utando usiobomoka hauachi kukua. Ukikaa muda mrefu waweza kubomoka kwa mafuriko, kama yalivyomfika binti yule. Na ukikaa hali hiyo miaka na miaka, khatari ya saratani ya mfuko wa uzazi huzidi. Vidonge vya majira, vile vyenye homoni mbili pamoja, huulinda utando huo, huiweka damu katika wakati wake, na huzipunguza zile homoni za nywele na chunusi. Haviondoi maradhi. Mwenye kuviacha huenda akarudi alikokuwa. Ila asiyeponywa na dawa hakukosa faida ya dawa. Mwenye presha anywaye kidonge kila siku hatumwambii akitupe kwa kuwa presha haijaondoka.

Lipo jambo moja katika tarikhi ya dawa hii ambalo lilitutia haya tulipolijua. Serikali ya Marekani ilipoiruhusu mara ya kwanza, mwaka 1957, iliiruhusu kuwa dawa ya hedhi zilizoharibika. Ruhusa ya kuitumia kwa kuzuia mimba ilikuja mwaka 1960. Basi hili ambalo sisi twaliona la ajabu, mwanamwali kutibiwa hedhi yake kwa vidonge, ndilo lililotangulia. Na hata jina letu la Kiswahili, kama tungalilitazama, halina shari ndani yake: majira ni wakati na mpango wake, na binti yule alikuwa amepotelewa na majira yake.

Turudi kwenye sharia. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia dawa. Ama kuzuia mimba kwa muda, Masahaba walikuwa wakifanya azli katika zama zake naye yu hai na wahyi ukishuka, wala hawakukatazwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliieleza habari hiyo katika Ihya, na katika sababu asizozikataza alitaja mume kuchelea uhai wa mkewe kwa uchungu wa uzazi, na hata kutaka kuuhifadhi uzuri wake. Ikiwa mzima apata nafasi kwa sababu kama hizo, vipi tena mgonjwa ambaye hakukusudia kuzuia chochote, na khasa asiye na mume, ambaye hana hata hicho cha kuzuia?

Wanavyuoni wamesema mambo huhukumiwa kwa makusudio yake. Sisi watu wa pwani twalijua hili bila ya kitabu: mwenye janaba akijitupa baharini kwa kutaka kujipoza joto tu, hutoka na janaba yake, ingawa maji yamemfika mwili mzima. Na mwenye kukaa na njaa tangu usiku kwa kuwa kesho anapasuliwa, hakufunga. Kitendo ni kile kile, hukumu si ile ile. Basi kidonge cha majira kinywani mwa mgonjwa ni dawa, na jina lililoandikwa juu ya kijisanduku halikigeuzi.

Wapo watakaotwambia: "Mkiwafungulia wasichana mlango huu, mwawafungulia mlango wa zina, na wajibu ni kuiziba njia ya shari." Twaikubali kanuni ya kuziba njia ya shari, nasi twaisomesha. Lakini njia huzibwa pale ambapo aghlabu hupeleka kwenye shari, wala haizibwi kwa dhana. Mwenye kukusudia maovu hangojei cheti cha daktari; duka la dawa li wazi, na vile vidonge vya dharura ambavyo vijana huviita P2 vyajulikana hata na wasiojua jina la mwalimu wao wa chuo. (Navyo, tuseme kwa kupita, si dawa ya maradhi haya hata kidogo.) Anayezuiliwa kwa fatwa kama ile yetu ni nani? Ni yule yule mcha Mungu aliyekuja kuuliza. Tulimtia adabu aliye na adabu, na asiye nayo hakutusikia. Kisha, kumdhania vibaya binti wa Kiislamu kwa kuwa ni mgonjwa ni dhambi ya upande wetu.

Wengine watasema: "Huu ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, na asubiri." Na watatutajia kisa cha yule mwanamke aliyekuwa na kifafa, aliyemjia Mtume (S.A.W.) kutaka aombewe, akaahidiwa pepo kama atasubiri, akasubiri. Kisa ni sahihi, nasi twakipenda. Lakini na wakisome mpaka mwisho. Mtume (S.A.W.) alimkhiyarisha: ukitaka hivi, na ukitaka hivi. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua, kisha akataka jambo moja aombewe, asifunuliwe nguo anapoanguka, naye akaombewa. Hakuna mume, wala mama, wala sheikh aliyemchagulia subira. Kumwambia mwingine asubiri katika maumivu ambayo sisi hatuyaoni ni rahisi mno. Na wanaume ndio tulio wepesi kuisema kauli hii juu ya maradhi ya wanawake, hali jino likituuma usiku hatuingojei asubuhi.

Haya na aibu nayo ina sehemu yake. Fatima binti Abi Hubeish alikuja mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kumweleza kwamba damu haimkatiki, na Hamna binti Jahsh naye akaja na shida kama hiyo, wakajibiwa kwa upole na kwa ufafanuzi. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Leo katika miji yetu mama hukaa na binti yake aliyepaukiwa uso kwa kutokwa damu, akachelea kumwambia baba, na baba akachelea kuuliza. Haya hii hatujui tumeirithi kwa nani. Kwa wanawake wale hatukuirithi.

Sasa tuje kwenye kuchagua, kwa kuwa hapa ndipo penye kazi, na kusema "yafaa" peke yake ni kumwacha mtu katikati ya njia. Kuchagua dawa ni kazi ya tabibu na mgonjwa wake. Mafakihi wetu wa Kishafi wamemkubali tabibu mwaminifu katika mambo ya ibada yenyewe, kama mgonjwa kuhama maji kwenda kwenye tayammamu. Basi hatuna haki ya kumkataa katika tiba. Mwanamke mwenzake akipatikana ndiye atangulizwe. Lakini yako mambo ambayo tabibu asipoambiwa hatayajua, na mgonjwa wetu asiyeulizwa hatayasema.

La kwanza ni kupimwa kabla ya kupewa. Hedhi hupotea pia kwa maradhi ya tezi ya shingo, na kwa kuzidi ile homoni iletayo maziwa, na kwa mimba. Mwenye kuazima vidonge vya jirani kwa kuwa "yeye vilimfaa" amecheza na roho yake. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha kubwa, wala aliyewahi kugandiwa na damu miguuni au mapafuni, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, wala mvutaji sigara aliyefika miaka 35, wala mzazi anyonyeshaye mtoto asiyetimiza wiki sita. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 juu ya maradhi haya umevipendelea vidonge vya namna hii kwa hedhi zisizo na mpango na kwa nywele na chunusi, tena vyenye kipimo kidogo cha estrojeni, wala haukuchagua chapa moja juu ya nyingine. Basi mwenye kuuziwa cha bei ghali kwa kuambiwa kuwa ndicho peke yake kitibucho, na aulize mara mbili.

Vipo pia vidonge vya projesteroni peke yake, vinavyonywewa siku kama 10 hata 14 kisha vikaachwa, ili utando ubomoke na damu itoke. Hivi vikinywewa hivyo havizuii mimba. Twavitaja kwa sababu wako akina mama ambao, hata baada ya kusoma yote tuliyoyasema, nyoyo zao hazitatulia kwa jina la majira. Na wajue kuwa ipo njia nyingine ya kuulinda mfuko wa uzazi, wamwulize daktari kama yamtosha binti yao, kuliko kumrudisha nyumbani bila ya chochote. Ila nywele na chunusi haziondoi.

Sindano ya miezi mitatu yapendwa na wengi kwa wepesi wake, na husitirika. Hakuna kijisanduku cha kuonekana kabatini. Lakini huivuruga damu, mara ikadondoka siku nyingi, mara ikakatika kabisa; yaweza kuongeza uzito kwa mtu ambaye uzito ndio adui yake; na mwenye kuiacha huenda akangoja miezi mingi kabla ya kushika mimba. Kijiti cha mkononi hukaa miaka mitatu au mitano kwa namna yake, nacho huleta matone yasiyo na mpango. Koili yenye homoni huulinda utando vizuri na hupunguza damu, lakini haishughuliki na nywele wala chunusi, na kuingizwa kwake kwa mwanamwali kuna mazito ambayo hayahitaji kuelezwa. Koili ya shaba haina homoni, na damu huizidisha. Haina kazi katika maradhi haya.

Msomaji ataona kwa nini twaipa uzito habari ya matone. Mwanamke anayedondokwa na damu siku 20 asiyejua hukumu yake ataiacha Sala siku 20. Kwa madhehebu yetu hedhi haizidi siku 15, na tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Inayopita hapo ni istihadha, naye ataoga, ajifunge, atawadhe kwa kila faradhi baada ya kuingia wakati wake, asali na afunge. Twajua wanawake walioacha dawa iliyowafaa kwa kudhani kuwa imewafungia Sala, na wengine walioendelea na dawa wakaiacha Sala. Wote wawili walihitaji dakika tano za mwalimu. Na mwenye kuona kwamba mashaka haya yatamwelemea, hiyo ni sababu ya haki ya kuchagua vidonge juu ya sindano, amwambie daktari bila ya kuona haya. Si sababu ndogo.

Na eda! Mtalaka mwenye kuona hedhi hukaa tohara tatu. Ama ambaye hedhi imemkatika naye hajafika umri wa kukoma, kauli mpya ya Imam Shafi ni kuwa angoje mpaka irudi au afike umri huo, na ya kale ni kuwa angoje miezi tisa kisha aingie eda ya miezi mitatu. Fikiri basi msichana wa miaka 25 aliyeachwa, ambaye kwa maradhi yake huona hedhi mara mbili kwa mwaka, atangoja mpaka lini? Katika jambo hili kuitibu hedhi ni kumtoa mtu kifungoni. Kwa hivyo mwenye maradhi haya akiachwa, asihesabu eda yake mwenyewe kwa vidole. Na aende kwa Kadhi, amweleze maradhi na dawa anayotumia.

Aliyeolewa ana jambo la ziada, kwa kuwa mumewe ana haki katika mtoto. Kuvificha vidonge ndani ya mkebe wa unga hakuleti kheri. Siku vitakapoonekana, mume hatauona ugonjwa, ataona khiyana. Na amwambie, na ikiwezekana waende pamoja kwa daktari, kwani wakitaka mtoto ziko dawa nyingine za kulitoa yai, na hivi vya majira huachwa. Lakini mume naye asilitumie neno la haki yake kumkataza mkewe tiba. Haki yake katika mtoto ambaye hajaumbwa haiishindi haki ya mke katika mwili ulio hai mbele yake.

Tumeulizwa pia kama mposaji ni lazima aambiwe. Tuonavyo sisi, maradhi haya si katika zile aibu ambazo kwa madhehebu yetu humpa mume khiyari ya kuivunja ndoa, wala si utasa, kwani wengi wenye nayo wamezaa. Hapana wajibu wa kuyatangaza sebuleni. Lakini akiuliza asidanganywe, na binti mwenyewe akipenda kusema, mama asimzibe kinywa.

Ama kufunga uzazi moja kwa moja kwa kupasuliwa ni mlango mwingine, una hukumu nyingine, wala hautibu homoni. Hatukuuingia hapa, na asiyetaka kuuchanganya na haya asiuchanganye.

Yule mama alitujia tena mwaka uliofuata, kwa ajili ya binti yake mdogo. Alisimama pale pale, akaanza kwa kusema kwamba hataki kutusumbua. Tulimwomba aketi, tukaita mtu alete maji, kisha tukamtaka radhi kwa jawabu letu la kwanza. Akanyamaza kitambo, akasema, "Yamekwisha, Sheikh." Ndipo tukamwuliza: "Daktari amesema binti ana nini, na yeye mwenyewe asemaje?"